Imeili au WhatsApp? Nani umpe namba, nani umpe anwani, kwa tunaoishi Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, namba ya simu ya mkulima wa Tandahimba huwa imeandikwa kila mahali. Iko kwenye daftari la chama cha msingi, kwenye orodha ya waliochukua salfa, benki, kwa wakala wa hela, shuleni kwa mtoto, na kwenye magrupu ya WhatsApp ambayo hakuomba kuingizwa. Mvuvi wa Kilwa Kivinje, mwalimu wa Nachingwea, muuza mabati wa Masasi, wote ni hivyohivyo. Kisha meseji zinaanza kumiminika: mkopo wa dakika tano, mganga wa kuvuta mali, "ile hela tuma kwenye namba hii", ushindi wa bahati nasibu ambayo hukucheza.

Watu wanapouliza kati ya imeili na programu za kuchati ipi ina usalama, wanakuwa wameuliza mambo mawili kwa mkupuo. Kwanza, nani anaweza kusoma nilichoandika? Pili, nani anaweza kunifikia bila ruhusa yangu? Majibu hayafanani. Kwenye la kwanza, WhatsApp na Signal, programu nyingine ya kuchati, zinaiacha imeili mbali. Kwenye la pili imeili ndiyo mshindi. Na hasara ninazoziona huku Kusini, za hela na za aibu, nyingi zinatokana na hilo la pili, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Maneno yenyewe: nani anayasoma?

Imeili ni ya zamani. Ray Tomlinson alituma ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mwaka 1971, na utaratibu wa kuzisafirisha tunaoutegemea hadi leo, SMTP, uliandikwa mwaka 1982, wakati watumiaji walikuwa watafiti wachache waliojuana. Hawakuwa na sababu ya kufichana. Siku hizi barua nyingi hufungwa zikiwa njiani, yaani hugeuzwa maandishi yasiyosomeka na mwingine, lakini zikishafika hukaa kwenye seva, kompyuta kubwa za kampuni, katika hali ambayo kampuni yenyewe inaweza kuzifungua. Google ilikuwa ikipitisha mashine kwenye barua za Gmail ili kuchagua matangazo ya kukuonyesha, na mwaka 2017 ilitangaza kuacha. Mashine bado zinapita humo kuchuja taka na virusi. Ipo njia ya kufunga imeili kabisa, PGP, tangu 1991, ila ni ngumu kiasi kwamba siwezi kumshauri mtu anayetaka tu kumtumia wakili wake hati ya shamba. Huduma ya imeili ya Proton Mail ya Uswisi imerahisisha, lakini kufuli lake linajifunga lenyewe pale tu wote wawili mnapotumia Proton.

WhatsApp, tangu Aprili 2016, inafunga kila ujumbe kwenye simu yako na kuufungulia kwenye simu ya mwenzako tu. Katikati hakuna anayesoma, hata Meta wenye programu. Wanachokijua ni mengineyo: unachati na nani, saa ngapi, mara ngapi, uko kwenye magrupu gani. Hayo si madogo. Mtu akijua unampigia daktari fulani kila Jumatatu usiku, hahitaji kusikiliza mazungumzo.

Kuna upenyo mmoja ambao wengi hawaujui: bekapu, yaani nakala ya akiba ya machati yako. Ujumbe unaofungwa vizuri njiani unaweza kuwa unanakiliwa kila usiku kwenda kwenye hifadhi ya Google bila kufungwa. Tangu 2021 unaweza kuifunga bekapu hiyo kwa neno la siri lako mwenyewe. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya machati, kisha bekapu, uwashe ufungaji. Neno hilo ukilisahau, bekapu ndiyo imekwenda, kwa hiyo liandike mahali salama nyumbani.

Telegram isichanganywe na hizi. Watu wengi wa magrupu ya mbaazi na ufuta wamehamia huko wakidhani ni ya siri zaidi, kumbe machati yake ya kawaida hukaa kwenye seva za kampuni, na magrupu yake hayafungwi mwanzo hadi mwisho kabisa. Kufuli kamili lipo kwenye machati ya siri ya watu wawili tu, tena lazima uyaanzishe mwenyewe. Kwa siri ya maneno, Signal ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe taarifa za mtumiaji, wakawa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Hawakuficha chochote, ila hawakuwa wamekusanya kingine. Tatizo la Signal ni kwamba ukimtafuta shangazi yako wa Ruangwa humo, humkuti.

Lakini makufuli yote haya hayamzuii mtu aliyeshika simu yako mkononi. Huku simu moja hutumiwa na baba, mama na kijana wa kidato cha pili, na fundi simu akipelekewa simu ibadilishwe kioo huachiwa na patani ya kuifungulia. WhatsApp ina kufuli la chati mojamoja tangu 2023. Liwashe kwa chati za benki, za mgonjwa, za kesi ya shamba. Na simu ikienda kwa fundi, toa laini na memori kadi kwanza.

Namba yako inasema mengi kuliko unavyodhani

Tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA zilianza kuzimwa. Maana yake namba ya simu ya Tanzania si namba tu. Nyuma yake kuna jina lako kamili, vidole vyako, na pochi ya hela.

Chukua namba yoyote, anza hatua za kuitumia hela, na kabla hujathibitisha litatokea jina la mwenye namba. Utaratibu huo ni mzuri, umewaokoa wengi wasitume hela kusikohusika. Lakini tapeli naye anaupata bila kulipa senti. Akishapata jina, anaihifadhi namba na kufungua WhatsApp: picha yako na wanao wakiwa na sare za shule, maneno uliyoandika chini ya jina, na kama hukubana mipangilio, saa uliyoonekana mara ya mwisho. Kwa namba peke yake ameshajua jina, sura, familia na muda wako wa kulala. Ndipo anapiga na kuanza kwa kukuita jina lako kamili, kwa sauti ya heshima, na mtu anaamini kwa sababu "ananijua".

Kwa wakulima hali ni mbaya zaidi kwa sababu muda wa hela unajulikana. Mnada ukifanyika, bei hutangazwa redioni na magrupuni, na kila mtu anajua malipo yanaingia benki siku chache baadaye. Tapeli anachokosa ni orodha ya namba za wauzaji. Na orodha hiyo ipo, tunamtengenezea sisi wenyewe: ni grupu la chama. Grupu la WhatsApp linaweza kubeba hadi watu 1,024, na yeyote aliyemo akigusa jina la grupu anaziona namba za wote. Mtu mmoja akiingia kwa kiungo kilichosambazwa ovyo, ameondoka na kijiji kizima. Magrupu ya harusi, ya msiba, ya wazazi wa darasa la saba, yote yako hivyo.

Kisha kuna wizi wa akaunti yenyewe. Unaletewa meseji yenye tarakimu sita, halafu mtu unayemfahamu, ambaye akaunti yake imeshaibwa, anakuandikia: "Dada, nimekosea nimeweka namba yako, nisomee hizo namba." Ukimsomea tu, WhatsApp yako imehamia kwake, na ndani ya saa moja mjomba zako wote wameombwa laki mbili za dharura. Kinga yake ni uthibitishaji wa hatua mbili, yaani PIN ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe kwenye mipangilio ya akaunti. Kama kwenye makala hii yote utafanya jambo moja tu, naomba liwe hilo.

Anwani ya imeili haina uzito huo. Haina pochi ya hela nyuma yake, na haimtajii mtu jina lako mpaka uliandike. Google inaweza kukudai namba ya simu unapofungua Gmail, lakini namba hiyo inabaki kwao, unayemwandikia haioni. Unaweza kuwa na anwani mbili au tatu bila gharama. Mimi hushauri mbili: moja ya mambo mazito, yaani ajira, benki, mkopo wa chuo, usajili wa biashara BRELA, na nyingine ya kila anayekudai "mawasiliano" dukani, kwenye fomu za semina na mitandaoni. Ya pili ikijaa takataka unaitelekeza, na hakuna hela wala jamaa anayepotea nayo.

Gmail ina ujanja mwingine mdogo. Kama anwani yako ni jinalako, unaweza kujaza jinalako+pembejeo@gmail.com kwa muuza pembejeo na jinalako+basi@gmail.com kwa kampuni ya basi, na zote zitaingia kwenye sanduku lako lilelile. Matangazo ya ajabu yakianza kuja kupitia ile yenye neno "basi", unajua nani aliyekuuza. Zipo fomu zinazokataa alama hiyo, na mtumaji mjanja anaweza kuifuta, ila inasaidia zaidi ya kutokuwa na lolote.

Namba ya simu je, utaitelekeza? Jaribu kufikiria. Benki ina hiyo, NIDA ina hiyo, wateja wana hiyo, mama yako wa Newala ameikariri kichwani. Na ukiiacha laini bila kuitumia muda mrefu, mtandao utaiuza upya kwa mtu mwingine, ambaye ataanza kupokea meseji za kuthibitisha akaunti zako. Kabla ya kuacha laini, iondoe kwanza kila mahali ulikoiandikisha. Ukitaka kujua ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Fanya hivyo hata leo, hasa kama uliwahi kusajiliwa na wakala wa barabarani aliyekuambia uweke kidole mara mbili au tatu.

Takataka: kila upande una zake

Imeili ina taka nyingi zaidi, hilo halina ubishi. Tangazo la kwanza la aina hiyo lilitumwa Mei 1978 na mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya DEC kwa watu karibu 400, na halijawahi kukoma tangu hapo. Lakini kwa sababu barua zinasomeka kwenye seva, mashine za kuchuja zimepata miaka mingi ya kujifunza. Kuanzia Februari 2024, Google na Yahoo wanawadai watumaji wakubwa wathibitishe kwamba barua kweli imetoka kwao, na waweke njia ya kujitoa kwa mguso mmoja. Kwa hiyo taka zipo, ila wewe huzioni. Zinakwenda kwenye folda yake.

WhatsApp iko kinyume. Kufuli lilelile linalokulinda linamnyima mwenye programu uwezo wa kusoma na kuchuja. Anategemea mwenendo wa akaunti na malalamiko ya watu. Ukiripoti mtu, ujumbe wake wa mwisho mpaka mitano unatumwa kwa WhatsApp waukague. Wamepunguza pia kasi ya kusambaza: ujumbe uliokwisha kufowadiwa mara nyingi, tangu Aprili 2020, unapelekwa chati moja kwa wakati mmoja. Hata hivyo ujumbe mmoja wa tapeli kwenye WhatsApp ni hatari kuliko mia kwenye folda ya taka, kwa sababu unaingia ukiwa katikati ya ujumbe wa mkeo na wa mchungaji au sheikh wako, kwa mlio uleule. Zima simu za wasiojulikana. Kitufe hicho kipo tangu 2023 kwenye mipangilio ya faragha. Na meseji za kawaida za utapeli zitume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa hizo.

Kuna tahadhari moja kwa vijana wanaoomba kazi: mchujo wa imeili hukosea. Barua ya kweli ya kuitwa kwenye usaili inaweza kulala kwenye taka. Ukiwa umetuma maombi, fungua folda hiyo kila siku mbili tatu.

Kuhusu kuchunguzwa kama umesoma, pande zote zina jambo lake. WhatsApp ina tiki za bluu, unaweza kuzizima isipokuwa kwenye magrupu. Imeili za matangazo huficha kijipicha kisichoonekana ambacho kinamwambia mtumaji umefungua saa ngapi; kwenye Gmail chagua kuulizwa kabla ya kuonyesha picha za nje. Hapa sioni mshindi.

Steshenari: mahali ambapo imeili inashindwa

Yote niliyoisifia imeili yana sharti moja: iwe yako. Na huku kwetu nyingi si za wenyewe. Kijana anatoka Nanyamba au Liwale kuja mjini kujaza maombi ya mkopo au kujisajili kwenye tovuti ya ajira za serikali, anaambiwa lazima awe na imeili, na mhudumu wa steshenari anamfungulia palepale. Neno la siri analibuni mhudumu, mara nyingi lilelile kwa wateja wote. Namba ya kurejeshea akaunti ni ya mhudumu. Kompyuta inabaki imeingia. Miezi mitatu baadaye kijana anataka kuangalia majibu na hana pa kuanzia, au mtu mwingine ameshayaona kabla yake.

Simlaumu mhudumu, foleni ni ndefu na wateja wana haraka ya kuwahi gari la jioni. Lakini imeili ya namna hiyo ina usalama mdogo kuliko WhatsApp ya kawaida kabisa. Ifungue mwenyewe kwenye simu yako, hata ya kuazima bando, kisha nenda steshenari na anwani tayari. Kama ulishafunguliwa, leo hii badilisha neno la siri, weka namba yako kwenye sehemu ya kurejeshea, na kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti ya Google angalia orodha ya vifaa vilivyoingia, uviondoe usivyovijua.

Kwenye kuprinti nako tujihadhari. Siku hizi unaambiwa "nitumie WhatsApp", nawe unatuma kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne kwa namba ya mtu usiyemjua. Amepata nakala na namba yako kwa pamoja, mchanganyiko ambao mtu mbaya angeulipia. Kwa kazi hii tumia ile imeili ya pili, au flashi. Vyovyote vile, nakala inabaki kwenye kompyuta yake. Simama hapohapo, mwombe kwa adabu aifute mbele yako, na kwenye pipa la kompyuta pia. Wahudumu wengi hawakatai.

Ukiwa na malalamiko

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kuisimamia. Inakupa haki ya kuuliza mtu ana taarifa zako gani, na kumtaka aache kuzitumia kukutangazia biashara. Dai la namna hii liandike kwa imeili. Chati inaweza kufutwa kwa pande zote mbili, na wa kwanza kufuta huwa ndiye mwenye kosa. Imeili ikishaondoka haifutiki kwa aliyepokea. Gmail inakupa sekunde zisizozidi 30 za kujirudi. Ukweli huohuo unaoifanya imeili iwe hatari kwa maneno ya hasira ndio unaoifanya iwe shahidi mzuri.

Basi nichague nini?

Mambo ya ndani, yaani ugonjwa, ndoa, hela za familia na kesi, yaende WhatsApp yenye PIN na bekapu iliyofungwa, au Signal kama wenzako wako tayari kuiweka. Signal tangu Februari 2024 inakuruhusu kutumia jina la utumiaji bila namba kuonekana, na kwa mwanamke anayesumbuliwa na namba ngeni usiku hilo ni jambo kubwa.

Ofisi, kampuni, fomu, tovuti: toa imeili kila inapokubalika. Wakidai namba, uliza ni ya nini. Mara nyingi ni mazoea ya karani tu, na nafasi ikiachwa wazi hakuna kinachoharibika.

Mwenye biashara, uwe na nyumba ya kulala wageni Mikindani au unanunua ufuta Kilwa, namba lazima uitoe, hakuna mteja wa huku atakayekuandikia imeili. Basi tenga laini ya biashara, iweke WhatsApp Business, na usiitumie kuhifadhi akiba. Hela ikiingia, ihamishe.

Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi mnaotangaza bei za mnada, siku za kupeleka mzigo ghalani na ugawaji wa salfa: kazi hiyo haihitaji grupu. Tangu 2023 WhatsApp ina chaneli, ambazo mfuatiliaji hazioni namba za wafuatiliaji wenzake, na hata ninyi mnaotangaza hamzioni za wasio kwenye simu zenu. Mkulima anasoma bei, namba yake haionekani kwa mtu. Fungueni chaneli ya matangazo, grupu likibaki basi liwe la wajumbe mnaojuana kwa sura, na kile kiungo cha kujiunga kilichozunguka kata nzima mkibadilishe kabla mnada wa kwanza haujaitishwa.